Habari za Makao ya Waafrika Katika Mji wa Nairobi

Wanachama wanaoleta mashauri mbele ya kamati mara nyingi huanza kwa neno moja: chumba. Chumba kimepanda kodi, chumba chavuja, chumba hakiwatoshi watoto. Tumeona vema, basi, kueleza jinsi mji huu ulivyopata kuwa mji wa vyumba.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ukaanza kama kambi ya kazi. Mwafrika alitakiwa kwa nguvu za mikono yake tu. Kwao kulihesabiwa kuwa ni shambani, na mjini alikuwa mgeni ambaye kazi ikiisha hana budi kurudi. Hapo ndipo penye mzizi wa taabu yote, kwa maana asiyehesabiwa kuwa mkaaji hajengewi nyumba, bali hupewa mahali pa kulala. Mwajiri alipaswa kumpa mtumishi wake malazi au fedha za pango. Fedha hizo mara nyingi hazikutosha.

Watu hawakungoja. Kabla ya vita ya 1914 vilikuwako vijiji vya Waafrika kandokando ya mji: Mji wa Mombasa, Maskini, Kaburini, Pangani, na Kibera ya askari wa Kinubi. Huko kila mtu alijijengea kwa miti na udongo, na wengi wakaezeka kwa madebe yaliyokunjuliwa. Nyumba nyingi zilifuata mtindo wa pwani: ujia katikati, vyumba kulia na kushoto, ua nyuma. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja akapangisha vilivyosalia. Miongoni mwa wenye nyumba hao walikuwamo wanawake wengi, ambao waliipata mali hiyo kwa jasho lao, bila kurithishwa na baba wala kupewa na mume. Jambo hili halitajwi sana, nasi twalitaja kwa makusudi.

Halmashauri ya mji haikuvipenda vijiji hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ilitenga Pumwani kuwa mahali pa Waafrika, ikapima viwanja, na vijiji vya zamani vikavunjwa kimoja baada ya kingine. Pangani ilidumu hata mwishoni mwa miaka ya 1930, kisha nayo ikabomolewa. Baadhi ya wenye nyumba wake walielekezwa Shauri Moyo, kwenye nyumba zilizojengwa na halmashauri. Na husimuliwa kwamba jina hilo latokana na jibu walilopewa waliponung'unika, kwamba kuhamia huko ni shauri la moyo wa mtu mwenyewe. Jibu rahisi kwa asiyevunjiwa!

Hata huko Pumwani, mtu alijenga juu ya ardhi isiyo yake. Alilipa kodi ya kiwanja, akasimamisha kuta, akapata wapangaji, lakini ardhi ilibaki ya halmashauri. Nyumba ya namna hiyo haiwekwi rehani, wala mwenyewe hathubutu kuijenga kwa mawe asije akaambiwa ahame. Baadaye watu wakaicheka Majengo kwa udongo wake, pasipo kuuliza ni nani angejenga vingine.

Halmashauri ilipojenga yenyewe, ilijenga kwa hesabu ya vitanda. Ndivyo ilivyokuwa Kariokor, iliyopata jina lake kwa wachukuzi wa vita ya 1914–1918: wanaume wengi chini ya paa moja, jiko na choo vya shirika. Mke alipotoka shambani kumtazama mumewe hakuwamo katika hesabu hiyo. Walitundika pazia katikati ya chumba, au wenzake mume wakatoka nje hata usiku sana. Kaloleni ya miaka ya 1940 ilijengwa kwa ajili ya watu na jamaa zao, pamoja na ukumbi na viwanja vya wazi, na hata leo wazee waisifu. Bali walioipata walikuwa wachache.

Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter ilikiri kwamba mshahara wa chini kabisa ulikuwa ukipimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja, ikashauri upimwe kwa mtu na jamaa yake. Mwaka huo huo, tarehe 24 Aprili, Operesheni Anvil ikazoa maelfu ya watu mjini na kuwapeleka vizuizini. Kamati iliandika juu ya jamaa, na vyumba vikabaki bila baba.

Baada ya Uhuru wa 1963 kila mtu aliruhusiwa kuja mjini, lakini nyumba hazikuongezeka kwa kadiri hiyo. Mathare na Kibera zikajaa. Mradi wa Dandora, ulioanza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulitoa viwanja vipatavyo 6,000 vyenye maji na choo, watu wajijengee wenyewe: yaani desturi ile ile ya Pumwani, ila safari hii mwenye kiwanja alikuwa na hati. Wengi waliongeza vyumba vya kupangisha, kama walivyofanya mabibi wa Pangani.

Hesabu ya mwaka 2019 ilikuta watu 4,397,073 Nairobi. Katika mitaa ya mabanda jamaa nzima ingali yakaa katika chumba cha futi kumi kwa kumi, juu ya ardhi ambayo aghalabu si ya mpangaji wala ya mwenye banda. Na huko Pangani, nyumba za zamani za halmashauri zimebomolewa tena, ili yajengwe magorofa.