Wapandafarasi Wanne: Hali ya Watu na Hali ya Karatasi

Mwaka 1498, katika mji wa Nuremberg nchini Ujerumani, Albrecht Dürer alitoa kitabu chenye michoro 15 ya Ufunuo wa Yohana, kwa Kijerumani na kwa Kilatini. Alikuwa hajatimiza miaka 30. Mchoro uliovuma kuliko yote ni ule wa wapandafarasi wa sura ya sita: mwenye upinde, mwenye upanga, mwenye mizani, na Mauti.

Ni chapa ya ubao. Aliyepata kuona milango ya Lamu au Zanzibar ataelewa upesi: fundi huondoa asichokitaka, na kinachosalia juu ndicho pambo. Katika ubao wa chapa, kinachosalia juu ndicho hupakwa wino. Mstari mweusi tunaouona haukuchongwa. Kilichochongwa ni weupe ulio kando yake.

Maono hayana shahidi mwingine ila mwenye kuyaona. Vipi basi yakachorwa kwa uhalisi? Dürer hakubuni viumbe vigeni. Mauti ni mzee aliyekonda, na farasi wake amekonda vilevile. Wanaokanyagwa chini ya kwato wamevaa kama watu wa mji wa zama zile. Katika Biblia ya Kijerumani aliyoichapa Anton Koberger mwaka 1483 (huyu ndiye aliyekuwa baba wa ubatizo wa Dürer) mlikuwamo tayari picha ya wapandafarasi hao, lakini haina kishindo. Dürer aliwasukuma pamoja, bega kwa bega, wakitoka kushoto kwenda kulia kama mkupuo mmoja. Watazamaji wake hawakuhitaji kuelezwa: mwaka 1494 tauni ilikuwa imeuingia mji wao.

Aliyepewa nafasi kubwa katikati si mwenye upanga bali mwenye mizani. Mizani yenyewe ni mitupu, imepeperuka nyuma yake. Andiko lataja bei: ujira wa siku nzima kwa kibaba kimoja cha ngano, kisha sauti yaamuru mafuta na divai visidhuriwe. Nionavyo, hii si njaa ya ardhi iliyokauka kabisa. Ni njaa ya bei, ambamo meza ya mmoja hubaki imejaa na sufuria ya mwingine hupimiwa. Msomaji wa Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, si mbali na Mbarara, hahitaji mwalimu wa sanaa kumfasiria chombo hicho. Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30, kwa upungufu wa fedha. Masoko hayakufungwa kwa sababu hiyo; chakula kilikuwapo kwa mwenye nacho.

Kiswahili hutumia neno hali kwa mtu na kwa kitu, na chapa nayo ina hali yake. Ubao huchoka. Kadiri unavyochapa, mistari myembamba hukatika, mbao hupasuka, wadudu hutoboa vitundu vinavyoacha madoa meupe. Dürer alichapa tena toleo la Kilatini mwaka 1511, kwa mbao zilezile. Kwa hiyo nakala mbili za mchoro mmoja hazilingani: moja ina uso mkali wa Mauti, nyingine uso uliofifia. Karatasi nazo zilikatwa kingo, zikakunjwa, zikalowa.

Mwanafunzi atakayeutazama mchoro huu katika simu yake akiwa Mbarara na aulize kwanza: ni nakala ipi hii? Jibu aghalabu liko nyuma ya karatasi, upande ambao picha za simu hazionyeshi. Kurasa za matoleo ya 1498 na 1511 zina maandishi nyuma. Nyuma ikiwa tupu, nakala huenda ilichapwa kabla ya 1498, au baada ya 1511. Hapo ndipo mkaguzi hurudi mbele na kutafuta mstari uliokatika.