Mwembamba au Amekonda? Uzito na Afya katika Eneo la Ziwa Albert

Makala haya mafupi yanachunguza uhusiano wa uzito wa mwili na afya, yakianzia Mahagi-Port, bandari ya Ituri katika ufuko wa magharibi wa Ziwa Albert. Mkataba wa Waingereza na Mfalme Leopold II wa tarehe 12 Mei 1894 uliitaja bandari hiyo. Ubelgiji ilitawala huko hadi mwaka 1960. Ng'ambo ya ziwa ni Uganda. Kutoka pande hizo mbili zilitoka njia mbili za kuusoma mwili.

Njia ya kwanza ni ya hesabu. Mwaka 1832 Mbelgiji Adolphe Quetelet alionyesha kuwa uzito wa watu wazima hulingana na mraba wa kimo chao. Alitafuta wastani wa umma, si afya ya mtu mmojammoja. Mwaka 1972 Ancel Keys wa Marekani aliihuisha hesabu hiyo, na leo 18.5 hadi 24.9 huhesabiwa kuwa uzito wa kawaida.

Njia ya pili ni ya badiliko. Mwaka 1985 jarida la Lancet lilieleza ugonjwa mpya wa Rakai, Uganda, ambao wenyeji waliuita "slim", yaani kukonda. Oktoba mwaka huohuo, wataalamu waliokutana Bangui walikubaliana kwamba kupungua uzito kwa asilimia 10 au zaidi ni mojawapo ya dalili kuu za UKIMWI.

Kiswahili kilikwisha kuzitenganisha njia hizi. "Mwembamba" hutaja hali. "Amekonda" hutaja badiliko. Tuchukue mfano wa mvuvi mwenye kimo cha meta 1.70 na kilo 72: kipimo chake ni 24.9. Akipungua kilo 10, kitakuwa 21.5, bado "kawaida". Mizani ya siku moja haitaona kitu. Jirani atasema amekonda, na atakuwa amesema kweli.

Hata hivyo jicho nalo hudanganya. Virusi vya UKIMWI huweza kukaa mwilini miaka mingi bila kumkondesha mtu. Hivyo unene ulichukuliwa kuwa cheti cha usalama, na mgonjwa wa kifua kikuu kinachotibika akanyanyapaliwa kwa wembamba wake. Mtoto mwenye kwashiakoo huonekana amejaa mashavu, kumbe amevimba kwa njaa. Nao unene uliozidi, unaosifiwa kuwa neema, huongeza hatari ya kisukari na shinikizo la damu.

Kwa hiyo uzito ni shahidi, si hakimu. Mhudumu wa afya anayetumia Kiswahili asiishie kuuliza, "Una kilo ngapi?" Aulize pia, "Umekonda? Umenenepa? Tangu lini?" Jibu la maswali hayo ndilo linaloonyesha nani apelekwe kupimwa kabla hajachelewa.