Better

Better ni neno la Kiingereza lenye maana ya "bora zaidi" au "-zuri zaidi". Ni umbo la kulinganisha la kivumishi "good" na pia la kielezi "well". Umbo la juu kabisa ni "best".

Asili

Vivumishi vingi vifupi vya Kiingereza huongezewa "-er" katika kulinganisha, kama "tall" na "taller". "Good" haifuati kanuni hiyo. "Better" inatokana na "betera" ya Kiingereza cha Kale, yenye mzizi tofauti na ule wa "good". Lugha nyingine za Kigermanik zina hali hiyohiyo: Kijerumani kina "gut" na "besser", Kiholanzi kina "goed" na "beter".

Matumizi

Kitu kinacholinganishwa nacho hutanguliwa na "than", yaani "kuliko". Kwa kukazia husemwa "much better", si "very better". "More better" huhesabiwa kuwa kosa katika Kiingereza sanifu cha leo, ingawa ulinganishi maradufu wa aina hiyo ulikuwa wa kawaida wakati wa Shakespeare.

Neno hili halimaanishi kwamba kitu ni kizuri. Mwanafunzi aliyepata alama 20 baada ya kupata 10 amefanya "better", lakini huenda bado amefeli.

"You had better go" si ulinganishi wa kawaida bali ni ushauri mkali au onyo: "afadhali uende", la sivyo kutakuwa na matokeo mabaya.

Kuhusu ugonjwa

"She is better" ina maana mbili: mgonjwa amepata nafuu, au amepona. Kiswahili hutenganisha hali hizo, kwa hiyo mfasiri hulazimika kuchagua. Akikosea, mgonjwa anaweza kuacha dawa kabla ya wakati akidhani amepona. "Getting better" ni kuendelea kupata nafuu. "Completely better" ni kupona kabisa.

Katika Kiswahili

Vivumishi vya Kiswahili havibadiliki umbo katika kulinganisha. Hutumika "kuliko", "zaidi" au "kushinda". Kutegemea muktadha, "better" hufasiriwa kwa "bora", "afadhali", "nafuu" au "heri", kama katika methali "Heri kufa macho kuliko kufa moyo". "Afadhali" lenyewe linatokana na neno la Kiarabu "afdal", ambalo pia ni umbo la kulinganisha.