Tathmini ya walimu na wakuu wa shule jimboni Tennessee

Tathmini ya walimu na wakuu wa shule jimboni Tennessee ni mfumo wa kupima utendaji wa waelimishaji katika shule za umma za jimbo hilo, lililoko kusini mwa Marekani. Uliwekwa na sheria ya mwaka 2010 na kuanza kutumika katika jimbo zima mwaka wa masomo 2011–2012. Mfumo huu unaunganisha mambo mawili: yale ambayo mtathmini anayaona darasani, na yale ambayo mitihani inaonyesha kuhusu maendeleo ya wanafunzi. Mwishoni kila mwalimu na kila mkuu wa shule hupewa daraja, kuanzia 1 (chini sana ya matarajio) hadi 5 (juu sana ya matarajio).

Tennessee ilikuwa kati ya majimbo ya kwanza kufanya hivyo kwa walimu wake wote. Kwa sababu hiyo imekuwa mfano unaotajwa sana, na wanaounga mkono mageuzi ya aina hii na wanaoyapinga.

Usuli

Nchini Marekani elimu ni jukumu la majimbo. Kila jimbo lina sheria zake, mitihani yake na idara yake ya elimu, na chini yake kuna wilaya za shule zinazoajiri walimu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 wilaya ndogo za vijijini Tennessee ziliishtaki serikali ya jimbo zikidai kwamba fedha za shule ziligawanywa bila haki. Wakati kesi hiyo ikiendelea, bunge la jimbo lilipitisha Sheria ya Kuboresha Elimu ya mwaka 1992, chini ya gavana Ned McWherter. Sheria hiyo iliongeza fedha za shule, na pia ilidai ushahidi kwamba fedha hizo zinaleta mafanikio.

Ushahidi huo ulitafutwa katika kazi ya William Sanders, mtaalamu wa takwimu wa Chuo Kikuu cha Tennessee, ambaye kabla ya hapo alikuwa akiwasaidia watafiti wa kilimo na ufugaji. Sanders alibuni hesabu iliyokuja kuitwa TVAAS, yaani mfumo wa Tennessee wa kupima thamani iliyoongezwa na shule. Kwa karibu miaka ishirini matokeo yake kuhusu mwalimu mmoja mmoja hayakutangazwa, wala hayakuwa na uzito mkubwa katika ajira yake. Mwalimu aliyekwisha kupata ajira ya kudumu alikuwa akifanyiwa tathmini rasmi mara mbili tu katika miaka kumi.

Sheria ya mwaka 2010

Mwaka 2009 serikali ya rais Barack Obama ilitenga dola bilioni 4.35 kwa shindano lililoitwa Race to the Top. Majimbo yalitakiwa kuwasilisha mipango ya mageuzi, na yenye mipango bora yapewe fedha. Sehemu kubwa ya alama za shindano ilihusu namna ya kupima walimu na wakuu wa shule.

Gavana Phil Bredesen wa chama cha Democratic aliita kikao maalumu cha bunge Januari 2010. Katika kikao hicho ilipitishwa sheria iitwayo First to the Top. Iliagiza kwamba kila mwalimu na kila mkuu wa shule atathminiwe kila mwaka, na kwamba nusu ya alama zake itokane na takwimu za ufaulu wa wanafunzi. Mwezi Machi mwaka huohuo Tennessee na Delaware zilitangazwa washindi wa awamu ya kwanza. Tennessee ilipata takriban dola milioni 500, na nusu yake ilipelekwa wilayani.

Gavana aliyefuata, Bill Haslam wa chama cha Republican, aliuendeleza mpango huo. Mwaka 2011 muda wa kusubiri ajira ya kudumu uliongezwa kutoka miaka 3 hadi 5, na mwalimu alitakiwa awe na daraja la 4 au 5 katika miaka miwili ya mwisho ya kipindi hicho. Hapo ndipo tathmini ilipogusa riziki ya mwalimu moja kwa moja.

Muundo wa tathmini

Wilaya nyingi zinatumia mwongozo wa jimbo unaoitwa TEAM. Wilaya chache ziliruhusiwa kutumia miongozo mingine iliyokubaliwa na jimbo. Mwanzoni alama za mwalimu ziligawanywa hivi:

- 50% kutokana na uangalizi wa darasani na mwenendo wake kikazi;
- 35% kutokana na maendeleo ya wanafunzi kwa hesabu ya TVAAS;
- 15% kutokana na kipimo kingine cha ufaulu kilichochaguliwa kutoka orodha ya jimbo.

Uangalizi hufanywa na mkuu wa shule au mtu mwingine aliyepewa mafunzo na kufaulu mtihani wa utathmini. Hukagua vigezo 19 katika maeneo matatu: maandalizi ya somo, mazingira ya darasa na ufundishaji wenyewe. Baadhi ya ziara hutangazwa na nyingine hufanywa bila taarifa. Baada ya ziara mtathmini hukaa na mwalimu na kumtajia jambo moja la kuendeleza na jambo moja la kurekebisha.

Mkuu wa shule naye hutathminiwa na msimamizi wa elimu wa wilaya au mwakilishi wake. Huangaliwa jinsi anavyosimamia ufundishaji, anavyojenga mazingira ya kujifunzia, anavyowaendeleza walimu na anavyotumia rasilimali. Sehemu yake ya takwimu hutokana na matokeo ya shule nzima.

Jinsi TVAAS inavyofanya kazi

TVAAS haiangalii kama mwanafunzi amepata alama nyingi au chache. Inauliza kama amepata zaidi au pungufu ya ilivyotarajiwa, kwa kuzingatia matokeo yake ya miaka iliyopita.

Tuchukue mfano wa darasa lenye watoto waliokuwa wakipata alama 40. Kama watoto wenye historia kama yao hupata 42 mwaka unaofuata, na hawa wakapata 47, mwalimu wao anahesabiwa kuwa ameongeza kitu. Darasa la jirani lenye watoto wa alama 85 linaweza kubaki na wastani wa juu, lakini kama lilitarajiwa kufika 88 na halikufika, mwalimu wake atapata daraja la chini. Watetezi wa mfumo husema hii ni haki kwa mwalimu wa watoto maskini, kwani halaumiwi kwa mahali walipoanzia.

Ugumu ni kwamba darasa moja lina watoto wachache, na bahati ina nafasi kubwa katika mtihani mmoja. Mwaka 2014 Jumuiya ya Wanatakwimu ya Marekani ilitoa tamko kuhusu hesabu za aina hii. Ilieleza kwamba, kwa tafiti nyingi, walimu huchangia kati ya 1% na 14% tu ya tofauti za alama za wanafunzi, na kwamba matokeo ya hesabu hizi yanaonyesha uhusiano, si lazima sababu.

Malalamiko na marekebisho

Lalamiko kubwa lilitoka kwa walimu wa masomo yasiyo na mtihani wa jimbo, kama muziki, michezo na sanaa, pamoja na walimu wa madarasa ya mwanzo. Zaidi ya nusu ya walimu hawakuwa na takwimu za wanafunzi wao wenyewe, hivyo walipewa alama za shule nzima. Mwalimu wa muziki aliweza kupanda au kushuka daraja kwa sababu ya hisabati ambayo hakuifundisha. Baada ya mwaka wa kwanza uzito wa takwimu kwa walimu hao ulipunguzwa kutoka 35% hadi 25%, na baadaye ukashushwa tena. Baadhi yao walikwenda mahakamani, lakini mwaka 2015 mahakama ya shirikisho ilitupilia mbali kesi yao. Mahakama haikusema kwamba utaratibu ule ni mzuri. Ilisema tu kwamba haukuvunja katiba.

Lalamiko la pili lilihusu leseni. Jimbo lilipanga kufungamanisha kuhuishwa kwa leseni ya ualimu na TVAAS. Mwaka 2014 bunge lilipiga marufuku jambo hilo.

Tatu ni mitihani yenyewe. Mtihani mpya, TNReady, ulipoanza kufanyika kwa kompyuta Februari 2016, mitambo ilikwama siku ya kwanza. Matatizo yalirudi mwaka 2018, na bunge likapitisha sheria kwamba matokeo ya mwaka huo yasimdhuru mwalimu wala shule.

Kwa upande wa uangalizi tatizo lilikuwa kinyume chake. Ripoti ya jimbo ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba watathmini walitoa madaraja ya juu kwa walimu walio wengi, na daraja la 1 karibu halikutolewa kabisa, hata kwa walimu ambao TVAAS iliwaweka chini. Si rahisi kwa mkuu wa shule kumwandikia daraja la 1 mtu atakayefanya naye kazi kesho yake.

Matokeo

Kati ya miaka 2011 na 2013 alama za Tennessee katika mtihani wa taifa wa sampuli, NAEP, zilipanda kuliko za majimbo mengi. Viongozi walisema ni matunda ya mageuzi. Hata hivyo katika miaka hiyohiyo jimbo lilikuwa limebadilisha pia mitaala na viwango vya mitihani, kwa hiyo ni vigumu kutenga mchango wa tathmini peke yake. Utafiti wa kitaifa uliotolewa mwaka 2021, ukilinganisha majimbo yaliyofanya mageuzi ya tathmini kwa nyakati tofauti, haukuona ongezeko la ufaulu kwa wastani.

Majaribio mawili yaliyofanyika ndani ya Tennessee yanasaidia kueleza hali hiyo. La kwanza lilifanyika Nashville kati ya 2006 na 2009. Walimu wa hisabati waliahidiwa nyongeza ya hadi dola 15,000 kwa mwaka iwapo wanafunzi wao wangepiga hatua kubwa. Kwa ujumla wanafunzi wao hawakuwazidi wale wa walimu wasioahidiwa kitu.

La pili lilitumia madaraja ya uangalizi wa TEAM katika shule 14. Mwalimu aliyekuwa dhaifu katika stadi fulani, kwa mfano kuuliza maswali, aliunganishwa na mwenzake wa shule hiyohiyo aliyekuwa hodari katika stadi hiyo, ili wafanye kazi pamoja mwaka mzima. Hapakuwa na zawadi wala adhabu. Wanafunzi wa walimu waliosaidiwa walifanya vizuri zaidi, na faida hiyo iliendelea hata mwaka uliofuata.