Heinrich Schnee: Gavana aliyeidai Tanganyika Bungeni Berlin

Agosti 1914, meli ya kivita ya Waingereza, Gwendolen, ilivuka Ziwa Nyasa hadi Liuli na kuishambulia kwa mzinga meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, hakuwa na habari kwamba nchi yake iko vitani. Aliingia kwenye mashua ndogo akaenda kumfokea nahodha wa Gwendolen, Rhoades, aliyekuwa rafiki yake. Huko ndiko alikoelezwa kwamba vita vimeanza na kwamba yeye sasa ni mateka.

Wakati mwambao wetu ukiingizwa vitani kwa namna hiyo, gavana wa koloni zima alikuwa akihangaika kuvikwepa vita hivyo. Alikuwa Dkt. Heinrich Schnee, mwanasheria ambaye baadaye angekuwa mbunge wa Ujerumani kwa takriban miaka 20. Habari zake zinatuhusu watu wa Mbinga na Nyasa, kwa kuwa ubunge wake aliutumia kudai ardhi yetu.

Schnee alizaliwa mwaka 1871 Neuhaldensleben. Baada ya kusomea sheria aliingia katika utumishi wa makoloni, na mwaka 1898 akapelekwa Guinea Mpya kuwa hakimu. Kutoka huko alihamia Samoa kama naibu gavana, kisha ofisi za Berlin na ubalozi wa London. Mwaka 1912 aliteuliwa kuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, koloni lililojumuisha Tanganyika.

Nchi aliyoikuta ilikuwa bado na majeraha mabichi. Hapa Mbinga, simulizi za wazee zinataja mapango ya Litembo, ambako Wamatengo walipambana na Wajerumani mwaka 1902. Miaka minne baadaye, jirani zetu Wangoni walinyongewa viongozi wao mjini Songea kwa sababu ya vita vya Majimaji, na njaa ikafuata. Adhabu ya viboko, ile hamsa-ishirini, iliruhusiwa na sheria za koloni hilo hilo.

Vita vilipoanza, Schnee alishika sheria. Mkataba wa Berlin wa 1885 uliacha mlango wa kutoegemea upande wowote kwa makoloni ya eneo hili, naye akautegemea. Meli za Waingereza zilipotishia Dar es Salaam, alikubali mji usilindwe. Kamanda wa jeshi, Paul von Lettow-Vorbeck, alimpinga waziwazi, na maneno ya kamanda ndiyo yaliyoshinda. Mwisho gavana alijikuta akitembea na jeshi hilo: Novemba 1917 wakavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na Septemba 1918 wakarudi, wakapita nchi ya Wangoni kuelekea Njombe. Kila walikopita, wanavijiji walinyang'anywa chakula na wanaume wakabebeshwa mizigo. Walijisalimisha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918.

Mkataba wa Versailles wa 1919 uliinyang'anya Ujerumani makoloni yake yote, kwa hoja kwamba haikuwa imeyatawala vyema. Hapo Schnee akapata kazi ya maisha yake: kudai makoloni hayo yarudishwe. Mwaka 1924 alichapisha kitabu Die koloniale Schuldlüge, akiita hoja hiyo uongo, na mwaka huo huo akaingia Reichstag, Bunge la Ujerumani, kwa chama cha DVP cha Gustav Stresemann. Kuanzia 1930 aliongoza Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani. Mwaka 1932 alikuwa mjumbe wa Tume ya Lytton, iliyotumwa na Shirikisho la Mataifa kuchunguza uvamizi wa Japani huko Manchuria. Mwaka uliofuata alijiunga na chama cha Hitler, akarudi Bungeni na kubaki humo hadi utawala wa chama hicho ulipoanguka mwaka 1945. Alifariki kwa ajali ya barabarani Berlin mwaka 1949.

Watetezi wa ukoloni wa Kijerumani walikuwa na ya kuonyesha: reli iliyofika Kigoma mapema 1914, shule za serikali zilizofundisha kwa Kiswahili. Hayo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba mwanasheria huyo aliondoka utumwa ukiwa bado haujafutwa na sheria. Ulifutwa Tanganyika mwaka 1922 chini ya Waingereza. Na katika miaka yote aliyoidai nchi hii, hakuna Mmatengo, Mnyasa wala Mngoni aliyekuwa na kiti katika Bunge lile, wala aliyeulizwa kama anataka Wajerumani warudi. Kesi ilizungumzwa bila mwenye shamba kuitwa. Kwa mtu aliyeanza kazi kwa kukaa kiti cha hakimu, hilo ni kosa lisilofutika.

Schnee aliandika sana, na maandishi yake yamehifadhiwa maktabani Ulaya. Upande wetu, mengi bado yamo vinywani mwa wazee. Walimu wa historia wa Mbinga na Nyasa, wapelekeni wanafunzi Litembo na Liuli wakiwa na madaftari, wawasikilize wazee na kuandika walichosikia, kabla wasimulizi hawajatutoka.