Karatasi za Mtu Aliyeumia Kazini

Msomaji wangu, ikiwa nyumbani kwenu hapana mtu aliyepata kuumia kazini, huenda hujaiona bahasha kama hii iliyo mbele yangu mezani. Ni ya khaki, imechakaa pembeni, na ndani yake mna karatasi kumi na moja. Mume wangu ni seremala. Msumeno wa mtambo ulimkata vidole viwili vya mkono wa kuume, na tangu siku ile mimi, mwalimu wa historia, nimekuwa mchukuzi wa karatasi baina ya hospitali, karakana na ofisi ya serikali. Nilipokuwa nikingoja mabenchini nalijiuliza karatasi hizi zilianzia wapi, na niliyoyapata ndiyo haya.

Hapo kale aliyeumia kazini hakuwa na karatasi hata moja, wala hakuwa na haki ya kuidai. Katika mwaka wa 1837 majaji wa Uingereza waliamua kesi ya kijana Charles Priestley, mtumishi wa muuza nyama aitwaye Fowler. Kijana huyu alipelekwa kwa gari lililopakiwa kupita kiasi; gari likavunjika njiani, naye akavunjika paja. Wazee wa baraza waliosikiliza shauri hilo kwanza waliamuru alipwe pauni 100, lakini majaji wakubwa wakalitangua neno lao. Walisema mtumishi akiona hatari anaweza kuikataa kazi. Fikiri wewe mwenyewe: mtoto wa maskini amwambie bwana wake, "Gari hili silipandi," kisha jioni ale nini?

Kwa miaka mingi baada ya hapo, aliyeumia alikuwa hana budi kushtaki na kuonyesha kwamba kosa lilikuwa la mwajiri. Naye angeonyeshaje? Mtambo ni mali ya mwajiri, mashahidi wanakula mshahara wa mwajiri, na wakili hafungui mdomo bure.

Njia nyingine ilifunguliwa Ujerumani. Mwaka 1884, katika siku za Bismarck, ilitungwa sheria ya bima ya ajali. Waajiri walichanga fedha, na mfanyakazi aliyekuwa hawezi kazi kabisa alipewa theluthi mbili za mshahara wake bila kuulizwa kosa lilikuwa la nani. Usidhani kwamba Bismarck alisukumwa na huruma peke yake. Alichelea wafanyakazi wasije wakafuata wapinzani wake wasoshalisti. Waingereza nao walifuata mwaka 1897, kwanza kwa kazi chache za hatari: aliyeumia alilipwa nusu ya mshahara, isizidi pauni moja kwa juma. Mwaka 1906 wakaieneza kwa kazi nyingine nyingi.

Hapa ndipo bahasha yangu ilipozaliwa. Swali la kosa lilipoondoka, yaliingia maswali mengine mahali pake. Je, mtu huyu aliumia kweli? Aliumia akiwa kazini? Mshahara wake ni kiasi gani? Amepungukiwa na nguvu kwa kadiri gani? Kila swali likataka karatasi yake, na kila karatasi ikataka mtu wa kuifuata.

Sheria ya namna hiyo ilifika Kenya katika miaka ya 1940, wakati wa ukoloni. Tunayoitumia sasa ilitungwa mwaka 2007 na kuanza kazi mwaka 2008. Mwajiri akisha kupewa habari ya ajali, yampasa aipeleke kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika siku 7. Gharama za matibabu zinazostahili ni juu ya mwajiri. Dai lenyewe lazima lifike katika miezi 12. Aliyepata ulemavu wa kudumu hupimiwa fidia kwa mshahara wa miezi 96, kulingana na asilimia ya ulemavu. Tuseme mtu hupata shilingi 20,000 kwa mwezi, na daktari ameandika asilimia 10. Piga hesabu, utapata shilingi 192,000. Sheria hii ilipingwa mahakamani, na Mahakama Kuu ikavitangua baadhi ya vifungu vyake mwaka 2009. Shauri likapanda ngazi hata mwezi wa Desemba 2019, Mahakama ya Juu ilipothibitisha kwamba njia ya aliyeumia hupita kwanza kwa Mkurugenzi.

Haya yote yasomeka vizuri kitabuni. Lakini kule karakana karani aliniambia taarifa ya ajali ilikwisha kupelekwa; ofisini wakafungua jalada baada ya jalada, wasiione. Nilirudi karakana mara tatu. Mara ya tatu nilikaa mlangoni hata karani akaandika nyingine mbele ya macho yangu, nami nikadai nakala yenye mhuri. Hospitalini tulikwisha kulipa kwa fedha zetu, maana mwenye kidonda hangoji barua. Stakabadhi zile, hata ya shilingi mia mbili ya bendeji, zimo bahashani. Kisha daktari aliyempasua mume wangu alikuwa amehamishwa, na ripoti ya daktari wa pili ilieleza jeraha vizuri sana ila haikutaja asilimia. Ile nambari moja ilinigharimu majuma matano.

Mume wangu huniambia, "Mama, acha tu, nitajifunza kushika nyundo kwa mkono wa kushoto." Najua huona haya kuonekana anaomba. Nami nimemweleza habari za Priestley na paja lake. Hakunijibu neno, ila kesho yake aliamka mapema akaipiga pasi shati yake kwa mkono wa kushoto, tukaenda pamoja ofisini.

Ripoti yenye asilimia sasa imepokewa. Tunangoja karatasi ya kumi na mbili, yenye hesabu ya fidia. Tukiona haikupimwa sawa tunazo siku 60 za kupeleka pingamizi, na karatasi ya pingamizi nimekwisha kuitia bahashani, tupu bado, nyuma ya zile nyingine.