Mkunga na Siku Arobaini: Historia ya Ukunga wa Nyumbani katika Pwani ya Waswahili

1. Utangulizi



Mwaka 1900, mwanamke mjamzito wa Bagamoyo au Mombasa alipomwita mkunga nyumbani kwake, alitarajia kutendewa nini? Swali hili huonekana kuwa la wauguzi na madaktari. Jioni hii nakusudia kuonyesha kwamba ni swali la historia pia, na kwamba sehemu ya jibu lake imehifadhiwa katika msamiati wa Kiswahili. Hoja yangu ni moja. Jina la mkunga lilibeba ahadi ya huduma iliyoanza kabla ya uchungu na kukoma siku ya arobaini. Katika karne ya 20 hospitali ilirithi jina hilo, na kwa sababu njema ikaitwaa kazi ya kuzalisha, lakini ahadi haikuirithi yote.

Chanzo chetu mashuhuri ni Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903 na Carl Velten. Sehemu kubwa ya maelezo yake yalitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mambo ya uzazi yamepewa nafasi humo. Hata hivyo, mwandishi alikuwa mwanamume, na chumba cha mzazi hakikuwa mahali pa wanaume. Ilichukua miongo mingi hadi sauti za wanawake wenyewe zilipopata kuchapishwa. Mfano mmoja ni masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, yaliyokusanywa na Sarah Mirza na Margaret Strobel na kutolewa kwa Kiingereza mwaka 1989, kisha kwa Kiswahili mwaka 1991. Chanzo cha tatu, ambacho wanahistoria hukisahau, ni maneno yenyewe.

2. Alichotarajia mzazi

Mkunga wa zamani alikuwa mtu mzima, aliyefahamika na jamaa, na aliyejifunza kazi kwa kufuatana na mama au shangazi yake. Wakati wa ujauzito alimkanda mwanamke kwa mafuta na kupapasa tumbo ili ajue mtoto amelalaje. Uchungu ulipofika alikaa naye pamoja na wanawake wa nyumbani, akampokea mtoto, akakata kitovu, akangoja zalio litoke, nalo lilizikwa.

Hapo kazi ilikuwa bado mbichi. Mkunga alirudi kumkanda mzazi kwa maji ya moto, kumfunga tumbo, kumwogesha mtoto na kuhakikisha kwamba uji wa pilipili manga umepikwa na kunywewa. Aliyejifungua hakutarajiwa kuteka maji wala kupika. Siku ya arobaini ilipotimia, alitoka.

Lugha inathibitisha uzito wa siku hizo. Pwani, neno mzazi halimaanishi baba au mama tu. Humaanisha pia mwanamke aliyejifungua karibuni, na ndiyo maana hospitali zetu zina wodi ya wazazi. Tutazame pia neno mkaja. Hiyo ni nguo anayofungwa mwanamke tumboni baada ya kuzaa. Lakini mkaja ni pia jina la zawadi anayopewa mama wa bibi harusi. Maana yake ni kwamba siku binti anapoolewa, jamii humlipa mama kwa jina la ile nguo aliyofungwa alipomzaa. Ubeleko, yaani nguo ya kumbebea mtoto, nao umeingia katika zawadi za harusi vivyo hivyo. Siku arobaini za mzazi zilihesabiwa kuwa deni, na deni hilo halikusahauliwa hata baada ya miaka ishirini.

3. Jina kuhama

Tusiipambe historia. Mkunga huyo hakuwa na dawa ya kuzuia damu nyingi, wala njia ya kumwokoa mwanamke ambaye mtoto wake amekwama. Wembe usio safi ulileta pepopunda kwa watoto wachanga. Wanawake walikufa, na wakunga walijua hivyo kuliko mtu yeyote.

Kwa hiyo kuanzishwa kwa hospitali za uzazi, kama ile ya Pumwani, Nairobi, mwaka 1926, kulikuwa tukio la kuokoa maisha. Pamoja nazo alikuja mkunga mwingine, mwenye mafunzo na cheti. Polepole jina likawa lake, na yule wa kwanza akahitaji kuongezewa maneno mawili: mkunga wa jadi. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 lilimpa nafasi katika afya ya msingi. Mwaka 2004, Shirika la Afya Duniani na washirika wake walipofafanua mhudumu mwenye ujuzi, walimwacha nje hata kama amepata mafunzo.

Matokeo yanaonekana. Nchini Tanzania, tafiti za kitaifa zilionyesha kwamba uzazi uliofanyika katika vituo vya afya ulikuwa asilimia 47 mwaka 2004/05. Kufikia mwaka 2022 ulikuwa asilimia 81.

4. Hitimisho

Lakini utafiti wa mwaka 2015/16 una takwimu mbili zinazopaswa kusomwa pamoja. Asilimia 63 ya uzazi ulifanyika vituoni, ilhali ni asilimia 34 tu ya wanawake waliochunguzwa afya zao katika siku mbili za kwanza baada ya kujifungua. Siku hizo ndizo ambazo damu huua. Kwa hesabu ya mkunga wa zamani, siku ya pili kazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Sipendekezi tuwarudishe wanawake wakajifungulie nyumbani bila msaada wa kitaalamu. Ninachosema ni kwamba aliyelichukua jina la mkunga alichukua pia deni lililomo ndani yake: kumfuata mzazi hadi nyumbani. Nasi wanafunzi wa lugha tuna wajibu wetu. Bibi wanaoyajua maneno ya chumba cha mzazi wanazidi kupungua. Twendeni tukawasikilize wangali hai.